Tuweke Donge au Tuweke Mkate?

 

Leo nataka tuongee habari ya friza. Najua kuna mmoja atasema mchungaji ameishiwa na neno. Sijaishiwa. Lakini tangu kikundi cha wamama wa kanisa letu kinunue friza kwa pesa za chama, nimeulizwa swali moja mara nyingi kuliko maswali yote ya kitabu cha Ufunuo. Tukikanda unga mwingi siku moja, tuugandishe ukiwa donge ili tuoke kidogo kidogo kila asubuhi, au tuoke yote kwanza halafu tugandishe mikate? Wamama wamegawanyika pande mbili juu ya jambo hili, na imefika mahali ambapo dada wawili wanaoketi benchi moja hawasalimiani. Shetani hahitaji jambo kubwa ili aingie kanisani. Hata hamira humtosha.

Tena katikati ya swali hili yuko mama mjane aliyeweka hisa yake yote katika unga na mafuta ya huo mradi, na faida yake ndiyo karo ya kijana aliye kidato cha tatu. Donge likiharibika, si donge tu limeharibika. Kwa sababu hiyo nilikataa kuwajibu wamama kwa haraka. Niliuliza wanaojua kuoka, nikasoma, nikaangalia kwa macho yangu, na sasa nasema.

Nianze na upande wa donge, maana wana hoja na wengi wanawadharau bure. Friza yetu ni ndogo. Donge la mkate mmoja ambalo halijaumuka ni kama ngumi mbili za mtu mzima, lakini ukishalioka limejaa hewa na linachukua nafasi mara tatu. Mahali unapoweka mikate kumi unaweza kuweka madonge ishirini na zaidi. Halafu kuna harufu. Ukisimama pale stendi asubuhi, ukungu haujaondoka, watu wanangoja gari la kwenda kuchuma majani ya chai au kahawa, na wewe unafungua kikapu cha mkate uliotoka jikoni sasa hivi, huhitaji kumwita mteja. Harufu inamwita. Mkate uliogandishwa, hata ukiwa mzuri namna gani, haupigi kelele hivyo.

Hiyo ni kweli na sitaipinga. Lakini sikiliza ni nini kinachotokea ndani ya lile donge likiwa kwenye baridi.

Hamira, au yisti kama wengi wetu tunavyoiita huku, ni kitu chenye uhai. Ni viumbe vidogo sana vinavyokula utamu ulio ndani ya unga na kutoa hewa, na hewa ile ndiyo inayouinua mkate. Baridi ya friza haiviui vyote, inavilaza. Ukivitoa kwenye baridi vingi vinaamka, lakini si vyote. Na vile vinavyokufa vinamwaga kitu kinacholegeza nyuzi za unga, zile nyuzi unazozitengeneza kwa kukanda hadi mkono unauma. Maji yaliyo ndani ya donge nayo yanakuwa vipande vya barafu vyenye ncha, vinakatakata nyuzi hizo hizo. Kwa hiyo donge la wiki moja litakupa mkate mzuri tu. Donge lililokaa sana linaumuka kwa uvivu, na mkate wake unatambaa kando badala ya kupanda juu.

Kama ni lazima ugandishe donge, basi fanya hivi. Ongeza hamira, mara moja na nusu ya kipimo chako cha kawaida, au hata mara mbili. Kanda kwa maji baridi ili hamira isianze kazi mapema. Usingoje liumuke: likishakandika vizuri, gawanya, libonyeze liwe bapa ili baridi ifike katikati upesi, lifunge vizuri kwa plastiki na uandike tarehe. Litumie kabla ya wiki tatu au nne kuisha. Usiku kabla ya kuoka, lihamishe kutoka friza hadi sehemu ya chini ya friji liyeyuke polepole, na asubuhi liweke mahali penye joto hadi likue maradufu. Na kwa baridi ya Julai ya huku kwetu, usiangalie saa. Angalia donge.

Umeona mahali shida ilipo? Mkate wa moto wa saa kumi na mbili asubuhi unataka mtu aliyeamka saa tisa usiku. Nilipouliza ni nani huyo, kila mtu alitazama chini, maana jibu lilijulikana. Ni yule mjane, kwa sababu nyumba yake ndiyo iliyo karibu na jiko. Tena kila asubuhi lazima oveni ya makaa iwashwe upya na kupashwa joto kwa ajili ya mikate sita au minane. Oveni inakula makaa mengi ili ipate moto. Ikishapata, haijali unaoka mikate sita au thelathini. Anayeoka mara moja kwa wiki anawasha moto mmoja. Anayeoka kila siku anawasha mioto saba. Wenye kununua makaa kwa gunia wanajua ninachosema.

Sasa tuje upande wa mkate uliookwa.

Watu wengi wanafikiri mkate unakuwa mgumu kwa sababu maji yake yamekauka. Mwaka 1852 mwanasayansi mmoja Mfaransa, Boussingault, alionyesha kwamba mkate unakuwa mgumu hata ukiufungia mahali ambapo maji hayawezi kutoka. Kisha akaupasha moto ule mkate mgumu, ukarudi kuwa laini. Kinachotokea ni kwamba wanga wa unga, ukipikwa, unavimba na kulegea pamoja na maji. Ukipoa, unaanza kujipanga tena na kujishika, na ndiyo maana mkate unakaza. Kazi hiyo ya kujishika inakwenda mbio zaidi kwenye baridi ya friji ya kawaida, ile ya maziwa na sukuma wiki. Ndani ya friza, mkate ukishaganda kabisa, kazi hiyo karibu inasimama.

Kwa hiyo nisikilizeni, nyinyi mnaoweka mkate kwenye friji kando ya maziwa mkidhani mnautunza. Mnauzeesha. Heri ungebaki mezani. Mkate ni wa mezani au ni wa friza. Pale katikati si pake. (Mke wangu anasema nimehubiri jambo hili nyumbani mara nyingi kuliko toba. Sawa, labda.)

Ukitaka kugandisha mkate uliookwa, uache upoe kabisa, saa mbili au tatu, hadi ndani. Ukiufunga ukiwa na joto, mvuke utageuka kuwa barafu, na siku ya kuutoa utakuwa na mkate wenye majimaji. Ukate slesi kabla ya kuufunga, kwa sababu mkate mzima ulioganda ni jiwe, na atakayetaka slesi mbili atalazimika kuyeyusha wote. Funga mara mbili na utoe hewa, maana hewa kavu ya friza inachoma mkate na kuacha mabaka meupe. Kwa friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mkate uliofungwa hivyo unakaa miezi miwili hata mitatu na bado ni mkate. Slesi unaiweka ikiwa imeganda vile vile juu ya kikaango kikavu. Mkate mzima unauacha mezani usiku kucha ndani ya plastiki yake, asubuhi unaunyunyizia maji kidogo na kuupasha ndani ya sufuria yenye kifuniko. Joto likipita nyuzi 60 unalainika tena. Ila baada ya hapo ule, usiurudishe.

Hadi hapo unaweza kusema pande zote mbili zina haki. Lakini tunaishi Kipkelion, na kitabu cha mapishi hakijui habari ya stima yetu.

Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inashikilia baridi kama siku mbili baada ya stima kupotea. Ikiwa nusu, ni kama siku moja. Msimu wa mvua za masika mti unaweza kuangukia waya jioni, na mafundi wasifike hadi siku ya tatu kwa sababu ya matope. Hata wenzetu wa Nairobi walionja usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, wakati karibu nchi nzima ilipoingia gizani na hadi uwanja mkuu wa ndege ukakosa taa. Kwa hiyo usipange friza yako kana kwamba stima ni agano la milele.

Stima ikipotea, mkate uliookwa unafanya nini? Unayeyuka, na ukishayeyuka ni mkate. Unauuza, unaula, unampa jirani. Hakuna hasara. Donge linafanya nini? Linaamka. Haliulizi kama uko tayari, kama una makaa, kama ni saa nane ya usiku na mvua inanyesha. Hamira iliyolala imepata joto na inaanza kula. Donge linaumuka ndani ya plastiki, linapasua, linamwagikia lenzake, halafu linachacha na kuanguka.

Mvua zilizopita tuliliona jambo hili. Mti uliangukia waya Alhamisi jioni, na ndani ya friza kulikuwa na mikate upande mmoja na madonge upande mwingine, kwa sababu wamama walikuwa wamekubaliana kila upande uweke vyake. Mikate iliuzwa Jumamosi sokoni, yote, kwa bei ile ile. Upande wa madonge wamama waliamka wakakuta kama ugali uliotoroka. Waliwasha oveni kwenye mvua wakaokoa ya juu. Yaliyokuwa yameanguka waliyakanda tena na unga mkavu, wakayapika kama chapati nene juu ya kikaango, na wenye njaa walikula wakashukuru. Lakini chapati nene haina bei ya mkate. Sehemu kubwa ya madonge yale ilikuwa ya yule mjane. Kijana alirudi shule akiwa na nusu ya karo, na kwa neema ya Mungu mwalimu mkuu alimpokea.

Nilipoziangalia zile chapati nilikumbuka kitabu cha Kutoka. Fungua sura ya 12, mstari wa 34 na wa 39. Wana wa Israeli waliondoka Misri usiku na unga uliokandwa mabegani, haujatiwa chachu, kwa sababu walifukuzwa na hawakuwa na nafasi ya kungoja. Kituo cha kwanza walichofika wakaupika ukawa mikate mibapa. Mungu hakuwalaumu. Mtu anayekimbia anabeba alichonacho. Lakini geuza kurasa, sura nne tu mbele, fika sura ya 16. Sasa wako jangwani, wametulia, na Mungu anawafundisha kuweka akiba. Mana ya siku za kawaida ikilala inaoza na kutoa funza. Siku ya sita wanaokota mara mbili, na Musa anawaambia waoke cha kuoka na watokose cha kutokosa, na kinachobaki wakiweke hadi asubuhi. Asubuhi ya Sabato hakikuoza. Soma mwenyewe mstari wa 23 na wa 24.

Nimesoma sura hizo tangu nikiwa kijana, na sikuwahi kuziweka pamoja hadi friza iliponilazimisha. Siku ya kutoroka, ni donge. Siku ya kuweka akiba, moto unatangulia.

Nitasema jambo moja la nyumbani kwetu, na mama yangu ameniruhusu kuliandika.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi mama mmoja wa jamii nyingine. Sitaitaja jamii, kwa sababu mnaosoma hapa ni wa jamii zote na kila mmoja ana nyumba yake ya tatu. Yeye ndiye aliyemfundisha mama kuoka mkate bila oveni. Sisi tulikuwa watu wa kimyet na mursik, mkate ulikuwa kitu cha kununua dukani siku ya wageni. Alimwonyesha: sufuria kubwa, mchanga chini yake, sufuria ndogo yenye unga ndani, kifuniko, na makaa juu ya kifuniko. Walioka pamoja miaka mingi, wakibadilishana hamira na habari.

Januari 2008 mnajua kilichopita hapa. Kipkelion, Londiani, Fort Ternan, moshi kila upande. Maelfu walikimbilia kwa watawa wa Kikatoliki kwenye ile monasteri, na mimi Mpentekoste nasema wazi kwamba watawa wale walifanya kazi ya Kristo. Nyumba ya tatu ilichomwa. Usiku ule, kabla haijachomwa, yule jirani alibisha mlango wetu. Mama alisikia na akamtambua sauti. Alikuwa na watoto wadogo ndani na vijana wenye mishale walikuwa barabarani, na hakufungua. Jirani akapita nyuma, akalala kwenye mibuni ya kahawa, akapona. Baadaye alipata kipande cha ardhi upande wa Nakuru na hakurudi tena.

Mama alikuwa na neno la kumwambia. Neno lilikuwa tayari, limekandwa, lina kila kitu ndani yake. Kila mwaka alisema, nitaenda Nakuru. Krismasi ikipita anasema Pasaka. Pasaka ikipita anasema mvua ikiisha. Mara kwa mara kitu kingemgusa, wimbo kanisani au habari ya uchaguzi kwenye redio, na neno lile lingeanza kuumuka ndani yake. Hangelala. Angekaa wiki nzima akiwa mchungu kwa kila mtu, akigombana na sufuria, halafu baridi ingerudi na mambo yangenyamaza. Mpendwa, donge ukiliyeyusha na kuligandisha tena na tena, hamira inaisha nguvu. Siku utakayotaka liumuke, halina kitu. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kwa mama, maana umri umesonga, na yule mama mwingine pia si kijana.

Mwaka juzi aliamua kwa njia yake. Alioka mikate miwili kwa sufuria, kama alivyofundishwa, akaiacha ipoe, akaifunga, akaiweka kwa friza yangu bila kuniambia ni ya nini. Siku tatu baadaye akaja alfajiri akaichukua ikiwa jiwe. Nilimuuliza kwa nini asibebe unga akamwokee huko huko mkate wa moto. Akaniambia, "Nikienda na unga, nitashuka Londiani nirudi. Mkate ukishaanza kuyeyuka lazima niufikishe." Alipanda gari, Londiani, Mau Summit, Salgaa, Nakuru, na mikate juu ya magoti. Ilipofika saa sita mchana alikuwa mlangoni na mikate ilikuwa laini kama ya asubuhi ile. Fikiria angebeba donge kwenye matatu ya watu kumi na wanne. Lingefika limempasukia mapajani.

Aliufikisha. Yule mama aliuangalia mkate, akaukata, akaonja, akasema chumvi bado ni kidogo kama siku zote. Wakanywa chai. Mama akasema neno lake, lote, pamoja na habari ya mlango. Jirani alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema amesikia, na kwamba ampe nafasi. Hajasema amesamehe, tangu siku hiyo wamepigiana simu mara kadhaa na bado hajasema. Lakini mama alirudi na mfuko wake umejaa viazi, maana chombo hakirudishwi kitupu. Tangu siku hiyo mama analala.

Kuna wengi hapa mna donge ndani ya friza. Wewe uliyesema utamwambia ndugu yako habari ya mpaka wa shamba baada ya mavuno, na mavuno yamepita mara tano. Wewe unayejua kabisa utakayomwambia baba yako, umeyakanda kila usiku, na baba ana miaka themanini. Nanyi dada zangu wawili wa benchi moja, ambao kila mmoja ameniambia kwa siri kwamba atamsalimu mwenzake "wakati ukifika". Siwezi kuwaambia mwenzako atajibu nini. Mama yangu bado hajajibiwa. Ila stima hiyo mnayoitegemea, yaani miaka, na afya, na kwamba yule mtu bado yupo, si yenu.

Narudi kwa friza, maana nimeahidi jibu. Jibu langu kwa kikundi ni mkate. Tunakanda siku moja, tunaoka kwa moto mmoja, tunapoza, tunakata, tunagandisha. Nafasi ikipungua, tutauza kwa haraka zaidi, wala si vibaya.

Lakini sitalifukuza donge. Fungua 1 Samweli 21, mstari wa 6. Ile mikate iliyokuwa mbele za Bwana ilikaa mezani wiki nzima, Sabato hadi Sabato, na siku ilipoondolewa iliwekwa mikate ya moto mahali pake. Ndugu zangu, meza ya Mungu ilikuwa na mkate uliokaa na mkate wa moto pia. Kwa hiyo nimependekeza madonge manne tu, yasizidi, yakae kwenye friza kwa ajili ya asubuhi ya Jumapili. Manne hata yakiamka usiku wa manane stima ikipotea, mtu mmoja anaweza kuyaoka kwa sufuria na mchanga. Na mtu huyo asiwe yule mjane kila wiki. Nimeomba zamu iandikwe ukutani, na jina la kwanza ni la mchungaji, kwa sababu kuoka kwa sufuria nimefundishwa na mama.

Kuoka kwa pamoja kutakuwa Alhamisi hii, kuanzia saa mbili asubuhi, nyuma ya kanisa. Unga upo. Hamira ipo, ila mwenye pakiti ambayo imefunguliwa siku nyingi asiilete. Tuijaribu kwanza kwenye maji vuguvugu na sukari kidogo, isipotoa povu kwa dakika kumi tuiache. Tunahitaji magunia mawili ya makaa makavu, visu virefu vya kukatia slesi, na plastiki safi za kufungia. Anayekuja na kalamu ya wino usiofutika atakuwa amenisaidia sana, maana tarehe za mara ya mwisho zote zilifutika na hakuna aliyejua mkate gani ulitangulia.